Rout: Neno la Aliye Juu ya Farasi

Kuna maneno ya Kiingereza ambayo ukiyatafuta kwenye kamusi unatoka na jibu, lakini neno lenyewe unaliacha kulekule. "Rout" ni mojawapo. Husomwa "raut", na ukimuuliza yeyote anayefuatilia mpira wa Uingereza atakwambia ni kipigo, tena kile cha mbwa mwizi. Timu imekula saba. Chama kimebwagwa karibu kila jimbo. Jeshi limekimbia likaacha mizinga na viatu. Sawa, hajakosea hata kidogo.

Sasa mfungue Shakespeare, umfungue Milton, upite kwa Jane Austen, umalizie na sheria za jimbo la California. Utakutana na neno hilohilo, ila kila mlango limevaa nguo tofauti. Hapa ni kundi la makabwela, pale ni kosa la jinai, kule ni sherehe ya usiku yenye keki. Msomaji anachoka: hivi hili ni neno moja, au ni maneno manne yamegongana majina?

Mimi nasema ni neno moja. Na nadhani kinachoziunganisha maana zake kina somo kwetu, hasa sisi tunaotafsiri na sisi tunaokula kwa kuandika habari.

Tuanze na asili yake. Nyuma ya "rout" kuna Kilatini "rupta", yaani kitu kilichovunjika. Warumi walipopasua msitu kupitisha barabara, hiyo ilikuwa njia iliyovunjwa. Kutoka hapo, kwa kupitia Kifaransa, Waingereza wakapata "route", njia, kisha "routine", mambo yanayopita njia ileile kila siku. Hata kile kidude cha intaneti kinachomulika taa za kijani sebuleni kwako, ruta, ni mjukuu wa barabara hiyo. Ila mzizi ulikuwa na tawi la pili. Kipande cha watu kilichomeguka kutoka kwenye jeshi au umati nacho kiliitwa kwa jina hilo: kikosi, kundi, genge. Na jeshi likivunjika lote, kila mtu akashika njia yake, hiyo nayo ni "rout". Neno la Kiingereza la kufilisika, "bankrupt", ni binamu wa ukoo huohuo. Limetoka kwa Waitaliano, kwenye benchi lililovunjika la mbadilisha fedha.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili hili si jambo geni. Sisi tunavunja mkutano, tunavunja ndoa, tunavunja baraza la mawaziri, tunavunjana mbavu kwa kucheka. Tukisema jeshi limevunjika tunaelewana bila kuhesabu maiti. Kwa hiyo ukinilazimisha kuchagua, "rout" iko karibu zaidi na kuvunjika kuliko kupigwa. Anayepigwa anaweza kubaki amesimama palepale, mstari wake umenyooka, akihesabu majeraha. Aliyevunjika hana tena mstari.

Niweke pembeni wajina wawili wasio ndugu. Kiingereza cha kale kilikuwa na "rout" ya kukoroma. Chaucer anaitumia kwa yule seremala mjinga wa hadithi ya msaga nafaka, anayekoroma ndani ya beseni akisubiri gharika ambayo haiji. Halafu ipo "rout" ya nguruwe kufukua ardhi kwa pua. Hao wanafanana jina tu. Tuwaache wakorome na kufukua.

Turudi kwa wenye nasaba. Katika Julius Caesar, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliifanya ya Kiswahili, Kasio anamwambia Bruto katika tendo la kwanza kwamba kama anamjua kuwa mtu wa kwenda kwenye karamu na kumwapia urafiki kila wa ovyoovyo, basi amwone mtu wa hatari. Hao wa ovyoovyo, Shakespeare anawaita "rout". Hawajashindwa vita yoyote. Hawajapigana hata. Kosa lao ni kuwa wengi, na kuwa chini. Ukilitafsiri neno hili kwa kushika maana ya "kipigo" unapotea papo hapo. Unahitaji neno lenye pua iliyokunjwa, la mtu wa ukoo mkubwa anayewatazama akina yakhe.

Milton alilitumia kotekote. Katika Lycidas ya mwaka 1637, "rout" ni lile kundi la wanawake waliompasua Orpheus, mwimbaji wa hadithi za Kigiriki, kichwa chake kikatupwa mtoni. Miaka 30 baadaye, katika Paradise Lost, neno hilohilo linaeleza maangamizi ya malaika waasi wanaoporomoka kutoka mbinguni. Mara ya kwanza "rout" ndiyo inayoua, mara ya pili "rout" ndiyo inayouawa. Mshairi huyo hakuwa mzembe wa maneno. Kwake kundi linalofanya ghasia na kundi linalokimbia yalikuwa kitu kimoja: wingi usio na mpangilio, wenye sauti kubwa na usio na uso.

Wanasheria wakaja na vipimo vyao. Sheria ya kale ya Uingereza ilikuwa na ngazi tatu. Watu watatu au zaidi wakikusanyika kwa nia mbaya, huo ni mkusanyiko usio halali. Wakianza kusogea kwenda kutekeleza nia yao, hapo ni "rout". Wakitekeleza, ni ghasia. Uingereza iliyafuta makosa hayo ya kale kwa sheria yake ya mwaka 1986, lakini California bado inayo "rout" katika kifungu cha 406 cha sheria yake ya makosa ya jinai, na huko watu wawili tu wanatosha. Kwetu Tanzania, kifungu cha 74 cha Kanuni ya Adhabu kinataja mkusanyiko usio halali na ghasia. Ile ngazi ya katikati haina jina lake. Angalia kichekesho chake: vitani "rout" ni watu wanaorudi nyuma mbio, mahakamani "rout" ni watu wanaosonga mbele. Mwelekeo umegeuka kabisa, neno halijashtuka.

Halafu inakuja London ya karne ya 18, ambako mabibi wa mjini walialika watu kwenye "rout". Usifikirie pilau na taarabu. Ilikuwa mnuso wa jioni ambao sifa yake kubwa ni kujaa. Watu walibanana vyumbani hadi kwenye ngazi, na mwenye nyumba alihesabu mafanikio yake kwa jinsi wageni walivyokosa pa kuweka kiwiko. Vilikuwepo hata vikeki vyake, vilivyoitwa kwa jina la shughuli yenyewe. Katika Emma, riwaya iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1815, Jane Austen anamleta Bi Elton, mke mpya wa kasisi, kwenye kijiji cha Highbury. Bibi huyo anashangaa jinsi wenyeji walivyoviharibu vikeki hivyo na jinsi wasivyo na barafu kwenye jioni zao za kucheza karata. Kwa mstari mmoja tu Austen ametuonyesha mwanamke mzima: amekuja na kipimo cha mjini mfukoni, anapima kila sahani.

Mwaka huohuo wa 1815 kulikuwa na shughuli nyingine, Brussels, tarehe 15 Juni. Mke wa mtawala wa Richmond aliandaa dansi, maofisa wa Wellington wakacheza usiku, na wengine wakaondoka moja kwa moja kwenda kupigana. Siku tatu baadaye ilikuwa Waterloo. Thackeray aliichukua wiki hiyo akaiweka katikati ya Vanity Fair, riwaya aliyoichapisha kwa mafungu mwaka 1847 na 1848, na alichofanya ndicho kinachonivutia. Anamwambia msomaji wazi kwamba yeye si mwandishi wa vita, nafasi yake ni kwa wasiopigana. Basi anabaki mjini, na mizinga tunaisikia kwa mbali.

Mjini kuna Jos Sedley, mnene, mwoga, mwenye masharubu ya kijeshi ingawa hajawahi kuwa askari. Uvumi unaingia kwamba Waingereza wamevunjwa na Wafaransa wanakuja. Jos anawaita wamnyoe masharubu upesi asije akadhaniwa mwanajeshi. Kisha anatafuta farasi wa kukimbilia, na Becky Sharp, mjanja wa riwaya nzima, anamuuzia farasi wake kwa bei ya kuchekesha na kuliza. Anakimbia. Na tunajua historia: waliovunjika siku ile walikuwa Wafaransa wa Napoleon. Jos amekimbia ushindi wa upande wake mwenyewe. Unacheka mpaka unakuja kwenye mwisho wa sura, ambako George Osborne, aliyekuwa akicheza dansi siku chache tu nyuma, amelala uwanjani amekufa huku mkewe akimwombea.

Hapo ndipo nilipoanza kuona uzi. Makabwela wa Kasio, wanawake wa Milton, wahalifu wa California, wageni wa London, askari wanaokimbia: wote wanaonekana kutoka juu. Neno hili linahitaji mtazamaji. Lazima kuwe na mtu juu ya farasi, au kwenye baraza la ghorofani, au kwenye kiti cha hakimu, ambaye akitazama chini haoni Asha na Juma, anaona fungu. Ndiyo maana ni nadra kusikia "rout" kwa nafsi ya kwanza. Jemadari ataandika kwamba adui alivunjwa. Aliyekimbia hatasema "mimi ni rout". Atasema niliogopa, niliangusha bunduki, nilimpoteza mdogo wangu.

Riwaya iliyoshuka chini kabisa kutoka kwenye farasi, kwa maoni yangu, ni The Red Badge of Courage ya Stephen Crane, ya mwaka 1895. Crane alizaliwa mwaka 1871, vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilikwisha miaka sita kabla yake, na bado wengi waliamini kitabu kile kimeandikwa na mtu aliyenusa baruti. Kijana wake, Henry Fleming, anawaona wenzake wawili watatu wakitupa bunduki, naye anakimbia. Anakimbia akiamini kikosi kizima kimekwisha. Baadaye anasikia kuwa mstari ulishikilia, adui akarudishwa. Yaani kuvunjika kwa jeshi kulitokea ndani ya kichwa chake peke yake. Ukitafuta mtu wa kumkumbuka Jos Sedley bila kucheka, ni huyu.

Kisha, Crane anamkutanisha na kuvunjika kwa kweli. Wanajeshi wa upande wake wanakuja mbio kama maji yaliyopasua tuta. Henry anamshika mmoja mkono. Anataka kumuuliza tu, kuna nini? Maneno hayatoki vizuri. Yule mtu, akiwa kichaa wa hofu, anampiga kitako cha bunduki kichwani ili amwachie. Jeraha hilo ndilo litakalodhaniwa la risasi, ndilo nishani nyekundu ya jina la kitabu. Kwa jemadari kilimani tukio lile halipo. Yeye ameona wimbi la watu likirudi. Crane ametuonyesha watu wawili ndani ya wimbi, mmoja anauliza swali, mwingine hana nafasi ya kujibu.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo neno la Waingereza linapotuuliza sisi. Kiswahili cha magazeti ya michezo kina hazina kubwa ya vipigo: kutandika, kuchapa, kunyuka, kubamiza, kugaragaza, kuchakaza. Yanga ilipoifunga Simba 5-1 tarehe 5 Novemba 2023, mjini hapakuwa na salamu nyingine ila kuonyeshana vidole vitano. Raha tupu, kwa upande mmoja. Lakini viangalie vitenzi hivyo vinavyofanya kazi. Vyote vinamsifu mwenye mkono. Vinapima uzito wa fimbo. Kile ambacho "rout" inakitaja, ile dakika ambayo timu inaacha kuwa timu, mabeki wanaangaliana, kila mmoja anacheza peke yake, hicho tunakihitajia maneno mengine: kusambaratika, kuparaganyika, kufurumushwa.

Kwenye mpira hakuna anayeumia sana na uchaguzi wa kitenzi. Kwenye kurasa za mbele ni habari nyingine. Nimekaa kwenye vyumba vya habari miaka ya kutosha kujua kichwa cha habari kinavyopikwa. Polisi wakifyatua mabomu ya machozi, kichwa kinaandikika chenyewe: "Waandamanaji watawanywa". Wamachinga wakiondolewa barabarani: "Watimuliwa". Hakuna uongo hapo, na herufi zinatosha kwenye safu. Ila kutawanya ni kitenzi cha vifaranga na vumbi. Ni "rout" kamili, ya mahakamani na ya vitani kwa pamoja: kundi lililokuwa linasogea mbele, sasa linakimbia nyuma, na mara zote mbili hatukumwona mtu. Mwandishi ameandika akiwa juu ya farasi, hata kama alikuja kwa daladala.

Na Kiswahili hakikulazimishi kuandika hivyo, kwa sababu kina kitenzi ambacho Kiingereza hakina mfano wake: kushindwa. Angalia kilivyo cha watu wote. Jeshi limeshindwa. Timu imeshindwa. Lakini pia nimeshindwa kulala, ameshindwa kulipa ada, tumeshindwa kuja msibani, mvua ilikuwa kubwa. Kushindwa kwetu kunasemwa kwa nafsi ya kwanza asubuhi na jioni bila kuvua nguo za utu. Na mzizi wake, kushinda, licha ya kupata ushindi, unabeba pia maana ya kuimaliza siku: umeshindaje? Mtu anaweza kushindwa kila kitu na bado akaulizwa ameshindaje, akajibu nimeshinda salama. Lugha inayoweza kusema hivyo ina dawa ya "rout" ndani yake, ikiwa waandishi wake watakumbuka kuitumia.

Ebrahim Hussein alikumbuka. Historia ya Vita ya Maji Maji ina tarehe 30 Agosti 1905 huko Mahenge, ambako maelfu ya wapiganaji walilishambulia boma la Wajerumani wakakutana na bunduki za rashasha. Ukiwa ndani ya boma, ulichoona ni mawimbi ya watu. Miaka 14 tu nyuma yake, Lugalo, 17 Agosti 1891, mambo yalikuwa kinyume: Wahehe wa Mkwawa waliivunja safu ya Wajerumani na kamanda wake Zelewski akauawa. Kwa hiyo kuvunjika hakuna rangi wala kabila. Lakini katika Kinjeketile, tamthilia ya mwaka 1969, Hussein hakutupeleka kuhesabu waliokimbia. Anatuacha mwishoni na mtu mmoja, mfungwa, anayetakiwa na Wajerumani atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anajua maji hayakuzuia risasi. Anachokataa ni kumpa mshindi haki ya kuieleza maana ya kushindwa kule kwa watoto watakaozaliwa. Jeshi limevunjika, kauli haikuvunjika.

Kwa hiyo mtafsiri mwenzangu, ukikutana na "rout", usikimbilie kipigo. Uliza kwanza ni nani anayesema na amesimama wapi. Akiwa Kasio, mpe dharau yake: makabwela, wa ovyoovyo. Akiwa wakili wa California, mpe ngazi yake: kusonga kuelekea ghasia. Akiwa Bi Elton, mpe mnuso wake na vikeki vyake vibaya. Akiwa jemadari, mwandikie kwamba adui alifurumushwa, maana hivyo ndivyo alivyoona.

Lakini akiwa Henry Fleming, amemshika mtu mkono katikati ya mbio na sauti haitoki, hapo usiandike wamesambaratika. Andika kijana alitaka kuuliza kuna nini, akashindwa.